Nani Alimutwika Mapendo?

Ninyi vijana wa kanisa letu ambao watu waliwanyoshea mikono Jumapili iliyopita ili muwaongoze, na ninyi watoto wa kike mulioanzisha ushirika wa maharagi mukatengeneza muhuri kabla ya kupata gunia la kwanza, kaeni chini. Haya nimeyaandika kwa mukono wangu. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa shule ya musingi. Mukikuta kosa, murekebishe kimya kimya, musinicheke kwa hilo. Mambo ya kunicheka yako mengi huko mbele.

Pasteri njo aliniomba niwaandikie sifa za kiongozi mwema. Alisema, "Koko, bibi yetu, weye uliongoza bamama ba biashara, ukaongoza bamama ba kanisa. Unajua." Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimekaa vizuri na kulikuwa na chai. Nilipofika nyumbani nikatafuta sifa zangu kichwani, nikapata mbili: sauti kubwa, na kutosikia haya haraka. Hizo haziwezi kujaza karatasi. Basi nitawaandikia juu ya safari moja niliyoongoza vibaya, maana hiyo ninaikumbuka kuliko zote nilizoongoza vizuri.

Kazi yangu ilikuwa kubeba na kuuza. Ninyi munapakia maharagi kwenye pikipiki, munapiga simu, munakaa kungojea. Pikipiki yetu ilikuwa mugongo. Tulitoka vilima vya huku juu ya Kalembe, wanawake kumi na mumoja, kila mumoja na gunia lake, mukanda umepita kwenye paji la uso. Tuliteremka mpaka Kibua, tukalala, kisha tukaendelea upande wa Walikale. Wakati ule watu walipokuwa wangali wanachimba madini ya Bisie kwa mikono, maharagi yetu yalifika mpaka kule msituni. Mawe yalitoka, maharagi yaliingia. Kurudi tulibeba mawese na chumvi.

Kitu kimoja lazima mukielewe, kwa sababu hamukubeba. Gunia la mugongoni halisumbui sana ukishasimama. Kusimama njo kazi. Unakaa chini, unaligeuzia mugongo, unaweka mukanda kwenye paji, halafu muntu anakuja nyuma, analiinua kwa chini, nawe unainuka pamoja nalo. Huko njo kutwikana. Mahali penye ukingo wa juu unaweza kuliegemea na kujiendea. Mahali tambarare, bila muntu wa kukutwika, utakaa hapo na gunia lako kama jiwe la mupaka wa shamba.

Sasa hesabuni. Wanawake kumi na mumoja wanatwikana. Wa kwanza anatwikwa na wa pili, wa pili anatwikwa na wa tatu. Wa mwisho anatwikwa na nani?

Mimi nilibeba miaka mingi na swali hilo halikunipita kichwani hata siku moja. Halikunipita kwa sababu tulikuwa na Mama Vumilia.

Mama Vumilia alikuwa kiongozi wetu, mwanamuke mwembamba, mwenye fimbo ya muti mugumu iliyong'aa kwa kushikwa. Hakuhubiri. Hakuandika majina. Alitembea nyuma ya mustari wote, na mimi, niliyekuwa kijana mwenye mudomo usiofungwa, niliona ni uzee. Siku moja nikamuuliza mbele ya wengine, "Mama Vumilia, juu ya nini weye kiongozi unatufuata nyuma? Unachunga mbuzi?"

Wanawake wakacheka. Yeye akasema, "Mbuzi zikipanda mulima zinanyamaza." Wakacheka zaidi, na safari hiyo walinicheka mimi.

Kila mahali pa kupumzika alianza na yule aliyekuwa anahema vibaya, akamutwika. Akaenda kwa mwingine. Akamaliza wote kumi. Halafu alikaa peke yake, akasimama peke yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kwenda, niko mbele ninaimba. Sikuwahi kumuona akisimama. Nilijua tu kwamba tukifika naye amefika.

Goti lake likaharibika, akahamia kwa binti yake kule Kibua. Wanawake wakatafuta kiongozi, na nitawaambia kwa nini walinichagua. Kwenye soko la Walikale kulikuwa na mununuzi mumoja mwenye kopo la kupimia ambalo tako lake lilikuwa limegongwa likatoka nje, linameza maharagi kama kisima. Nililigeuza juu chini, nikalionyesha soko zima, nikapiga kelele mpaka yule baba akaondoka akiacha na kofia yake. Wanawake wakasema huyu njo anafaa. Walichanganya kelele na akili. Sikuwalaumu, kwa sababu mimi pia nilichanganya.

Mwaka uleule kanisa likanichagua kuwa Kiongozi wa Wamama. Mungu anisamehe, nilifikiri ni yeye mwenyewe aliyenyosha mukono.

Jambo la kwanza nilinunua filimbi. La pili, daftari. Kofia nilikuwa nayo tayari, ile ya yule baba wa kopo. Nikasema mutakuja kuona uongozi.

Mufano wa uongozi wangu. Tulikuwa tunatoa mawe mutoni kwa ajili ya musingi wa kanisa. Pasteri wa wakati ule alibeba, wazee walibeba, hata bibi arusi wa juma moja alibeba. Mimi nilisimama juu ya lundo na filimbi yangu, nikionyesha kila jiwe pa kulala. Mama Riziki, mwanamuke mwenye nguvu za watu wawili na mudomo wa watu watatu, akapita na jiwe begani, akasimama kuniangalia.

"Mama prezida," akasema, "ile filimbi iko muzito?"

"Haiko muzito," nikamujibu.

"Basi ongeza na jiwe."

Watu walicheka mpaka Pasteri akaweka lake chini ili acheke vizuri. Mimi nikafungua daftari, nikaandika jina la Riziki. Sikujua nitamufanyia nini, lakini niliandika.

Kisha nikaleta utaratibu katika biashara. Niliona kwamba mustari wetu hauna heshima, kila mwanamuke anatembea anapopenda, muzee nyuma ya kijana. Nikapanga kwa cheo: prezida mbele, makamu wake, mwandishi, mutunza chumvi, na kuendelea hivyo mpaka chini. Riziki, kwa sababu ya daftari, akawa wa kumi. Mupya kuliko wote akawa wa mwisho. Kutwikana nako kukafuata cheo: prezida anatwikwa wa kwanza, na wanawake wawili, mumoja kila upande, kama muntu anayevikwa kwa harusi. Gunia langu lilikuwa nusu, maana kiongozi lazima awe mwepesi ili afikiri. Na filimbi ikilia, safari imeanza. Hakuna kungojea muntu. Niliwasomea yote hayo mara mbili. Hakuna aliyebisha. Nilichukua kimya chao kuwa ni kupendezwa.

Huyo mupya wa mwisho aliitwa Mapendo. Alikuwa ametembea nasi safari nne tu. Mwanamuke wa maneno machache, mwenye watoto wadogo watatu, anayelima shamba la kuazima huko juu kwenye mulima. Gunia alilobeba siku ile lilikuwa mavuno yake yote ya musimu. Hakuwa na lingine nyumbani. Hilo nilijulishwa baadaye. Sikuwa nimeuliza, na kwenye daftari langu hapakuwa na mustari wa mambo kama hayo.

Tulipumzika karibu na kijito kimoja katikati ya Kalembe na Kibua, mahali tambarare, majani na matope, hakuna ukingo wa kuegemea. Mawingu yalikuwa yamekwisha kukusanyika. Wanawake wawili wakanitwika nusu gunia langu. Nikapiga filimbi, nikaenda. Nilitembea vizuri siku ile, hata niliimba. Nyuma yangu nilisikia miguu, na muntu akisikia miguu nyuma yake anaridhika.

Mvua ilitukuta tukiwa karibu kufika, tukakimbia, tukaingia Kibua kwa binti ya Mama Vumilia. Mama Vumilia alikuwa amekaa mulangoni, muguu umenyoshwa. Nikasimama mbele yake, nikahesabu watu wangu ili aone namna ninavyoongoza. Tisa. Nikahesabu tena. Tisa. Nikakumbuka kujihesabu mimi mwenyewe, nikafurahi: kumi. Halafu nikakumbuka kwamba tulikuwa kumi na mumoja.

Mama Vumilia akauliza swali moja. "Nani alimutwika Mapendo?"

Wanawake wakaangaliana. Riziki akasema, "Miye alinitwika yeye. Nikaenda. Nilijua muntu iko nyuma yake."

"Muntu gani?"

"Muntu. Siku zote iko muntu."

Riziki alipolisema hilo alimuangalia Mama Vumilia, akaziba mudomo kwa mukono. Njo pale na sisi wengine tulijua ni nani yule muntu wa siku zote.

Sasa mimi, kiongozi, nikatoa amri. Nilisema, "Bawili barudi kumutafuta." Mimi mwenyewe nilikuwa ninatafuta mahali pa kukausha kofia.

 Mama Vumilia alishika fimbo yake, akajiinua kwenye kiti, akashuka ngazi kwa muguu mumoja, akaingia kwenye mvua. Alikuwa anaenda Kalembe. Kwa goti lile asingefika hata kwenye nyumba ya tatu, lakini alikuwa anaenda. Mimi nikamuangalia mugongo wake, nikasikia uso wangu unachoma. Nikatupa kofia, nikamupita mbio.

Nilimukuta Mapendo katikati ya njia. Hakuweza kusimama na gunia lote, basi alikuwa amefungua, akamwaga nusu ndani ya kitambaa chake cha kujifunika, akafunga. Alibeba nusu moja hatua mia, akaiweka chini, akarudi kuchukua nusu ya pili, akaipitisha mbele ya ile ya kwanza, akarudi tena. Njia ile tuliyotembea sisi mara moja, yeye aliitembea mara tatu, kwenye mvua. Na yeye mwenyewe hakuwa na kitu cha kujifunika.

Nikasema, "Mapendo, leta nikusaidie."

Akaweka chini. Akajipangusa maji usoni ili anione vizuri. Akasema taratibu, "Mama prezida, piga filimbi kwanza."

Nilikuwa nayo shingoni. Sikuipiga.

Maharagi yale yalikuwa yamelowa mpaka ndani. Maharagi yaliyolowa hivyo hayafiki Walikale; yanavimba, yanaota, yananuka. Mapendo aliyachagua kidogo, akaona hakuna la kuchagua, akampa binti ya Mama Vumilia sehemu kubwa ili apike, wote tule. Yakaiva. Wakapakua kwa cheo, kama nilivyowafundisha, nikapewa sahani ya kwanza. Na nilikula. Ninaandika hilo ili mujue muntu anayewashauri ni nani.

Asubuhi Mapendo alirudi Kalembe mikono mitupu. Safari iliyofuata hakuja. Riziki naye hakuja, na wengine wanne. Walikuwa wamefanya mustari wao, wanatoka siku nyingine. Jumapili nikakuta benchi mbili za wamama ziko wazi kanisani. Walihamia upande wa wageni, nyuma kabisa, karibu na mulango. Nikiimba juu, wao wanaimba chini.

Mimi nikajua la kufanya. Nilimuandikia Mapendo barua ya kumuita mbele ya komite, nikaweka muhuri. Alirudisha ile karatasi imefungiwa chumvi. Haikuwa tusi, karatasi ilikuwa adimu na chumvi ilikuwa deni la shemeji yake kwangu. Lakini nilielewa karatasi yangu ilifaa kwa kazi gani.

Jumapili nyingine nikasimama kuomba, nikaomba kwa sauti kubwa sana kwa ajili ya "wale wenye uchungu mioyoni, wanaokaa karibu na mulango." Baada ya ibada Pasteri akaniita pembeni.

"Mama Sifa," akasema, "ile sala ulikuwa unamuambia Mungu ao Mapendo?"

"Wote bawili, Pasteri."

"Mungu alisikia. Mapendo alitoka inje katikati ya sala."

Nikashuka Kibua kumulalamikia Mama Vumilia. Nilimueleza kwamba hawa wanawake hawana utii, kwamba biashara inavunjika, kwamba na kanisa linagawanyika, yote kwa sababu ya mvua. Nilisema hivyo kweli, mvua. Akanisikiliza mpaka nikachoka. Kisha akaonyesha gunia lililokuwa limesimama uani, gunia zima, la mwanamuke.

"Jitwike," akasema.

"Nani ananisaidia?"

"Hakuna muntu."

Nikacheka. Nikakaa chini, nikaweka mukanda, nikavuta. Gunia halikujua kwamba nimevuta. Nikavuta tena, nikaanguka kando. Nikajaribu kujigeuza, gunia likanilalia, miguu ikabaki juu kama ya kobe. Wajukuu wa Mama Vumilia walikuja kutazama, wakaita na majirani. Miaka yote ile ya kubeba, vijana, nilikuwa sijasimama peke yangu hata mara moja. Kila siku muntu alinitwika, nikaenda nikiimba, nikadhani ni nguvu zangu.

"Sasa umeona kazi ya kiongozi," Mama Vumilia akasema. "Ile ingine ni kelele. Amuka, nikuonyeshe."

Alinionyesha hivi, na hata kama munatumia pikipiki, siku pikipiki itakapokwama kwenye matope mutanikumbuka. Usikae moja kwa moja mbele ya gunia. Kaa kidogo upande, miguu imekunjwa kushoto. Mukanda usiukaze kwenye nywele, uweke vidole viwili juu ya nyusi. Usivute kwa shingo. Inama mbele polepole mpaka gunia lenyewe likufuate na kulala mugongoni. Sasa uko juu ya magoti na mikono, kama mutoto anayetambaa. Usiharakishe hapo, pumua. Simamisha fimbo. Weka muguu mumoja, sukuma fimbo, leta wa pili. Ukiwa na haraka, ao ukiona haya kutambaa mbele ya watu, hautasimama.

Nilifanya mazoezi nyumbani nyuma ya jiko, na gunia la udongo, kwa wiki nyingi. Mume wangu, marehemu, alinikuta siku moja niko juu ya magoti, paji karibu na udongo, ninahema.

"Mama Sifa, uko unasali ao unatafuta sindano?"

"Ninajifunza kusimama."

 "Tangu tuoane ninakuambia ukae," akasema, "na sasa unajifunza kusimama." Akaenda kuchunga ng'ombe. Magoti yangu yalichubuka, shingo ikawa ngumu kama ya jogoo wa kuchongwa. Lakini siku moja nilisimama. Hakukuwa na muntu wa kunishangilia, na kuku hawakujali.

Tulipovuna, nikajaza gunia la maharagi yangu mazuri, yale makavu, gunia zima. Nilijua siku ambayo Mapendo na watu wake wanashuka. Nikamuomba mume wangu anitwike nyumbani, nikatangulia, nikawangojea kwenye kile kijito, mahali pale tambarare. Filimbi niliiacha. Kofia niliyoiokota tena Kibua nilikuwa nimempa muntu wa majani wa kutisha ndege shambani, ikamfaa kuliko mimi.

Wakafika. Wakaweka mizigo chini, wakanywa maji. Hakuna aliyenisalimia. Riziki peke yake alisema, kama anayeongea na kijito, "Leo watu wakubwa wanatoka mapema."

Walipotaka kuinuka, mimi nikaanza. Nilienda kwa yule aliyekuwa anahema vibaya, nikamutwika. Nikaenda kwa mwingine. Riziki nilimutwika, akasema gunia lake lina tundu la panya, nisishike vibaya, nikashika vizuri. Nikafika kwa Mapendo. Alikuwa amekaa, mukanda mukononi, ananiangalia. Nikasimama tu nyuma ya gunia lake.  Angeweza kuninyima. Angeweza kumuita Riziki arudi. Alikaa hivyo mpaka nikafikiri atakaa siku nzima. Kisha akaweka mukanda kwenye paji, akanigeuzia mugongo. Nikamutwika.

Walikuwa wote wamesimama sasa, na mizigo mugongoni, isipokuwa mimi. Wangeweza kwenda. Hawakwenda. Mwanamuke mwenye mizigo hasimami bure, lakini hawa walisimama, walitaka kuona.

Nikakaa upande. Miguu kushoto. Nikainama, gunia likaja, nikaanguka nalo kwenye matope. Wakacheka, na waliyastahili yale macheko, yalikuwa haki yao. Nikaanza tena. Nikafika kwenye magoti, nikasimamisha fimbo, na shingo ikakataa. Nilibaki pale natambaa mbele ya wanawake sita, Kiongozi wa Wamama, matope mpaka mudomoni.

Mapendo akasema, "Mukanda iko juu sana. Shusha."

Nikashusha kwa vidole viwili. Nikasukuma fimbo. Nikasimama.

Akageuka, akaenda, na wengine wakamufuata. Mimi nikafuata nyuma ya wote. Kutoka nyuma, vijana, unaona kila kitu. Nilimuona mumoja anachechemea. Nilimuona Riziki, mwenye mudomo wote ule, anampokonya mwingine jembe ili amupunguzie. Mambo hayo yalikuwa yanafanyika siku zote mbele ya Mama Vumilia, na nyuma yangu.

Tulipofika Kibua niliweka gunia langu mbele ya Mapendo. Nikamuambia, "Hili ni lako. Lile lilinyeshewa kwa sababu yangu. Nilikuacha." Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, hata aya ya Biblia, lakini hayo matatu yalipotoka nikaona yametosha. Alifungua kinywa cha gunia, akachukua maharagi mukononi, akauma moja kusikia kama ni makavu. Akafunga.

"Kesho tunatoka asubuhi," akasema. "Usikawie."

Jumapili nilisema hayohayo mbele ya kanisa, mafupi vilevile, nikaenda kukaa kwenye benchi ya mulangoni. Wamama walirudi mbele polepole, wengine baada ya mwezi, mumoja baada ya mwaka. Mapendo hakuniita tena prezida hata siku moja. Alikuwa ananiita "wa mwisho." Akifika kijitoni anaita, "Wa mwisho iko wapi? Tuko tayari." Ninalipenda jina hilo kuliko yote niliyopewa, na niliongoza nalo mpaka magoti yakakataa.

Sasa ninyi. Sijui simu zenu. Ninaona tu kwamba kiongozi wa vijana anatuma sauti yake ndani ya kikundi, "mukutano saa nane," na amemaliza kuongoza. Yule asiyekuwa na simu amekaa kijitoni. Ninyi wa maharagi, pikipiki zinapakiwa, wenye magunia mengi wanatangulia, wanapata bei ya kwanza. Yule wa nusu gunia mulimutwika? Muulize kwa jina. Musiseme "iko muntu nyuma." Huyo muntu ni weye uliyechaguliwa, hakuna mwingine. Na msimamizi wa kwaya aliyenunua filimbi, nimemuona. Sitasema jina. Apime kama ni nzito.

Nilikuwa ninataka kumaliza hapo, lakini Jumapili iliyopita, ile ya kunyosha mikono, ibada ilipokwisha, vijana wanne walinikimbilia mbele ya watu wote kuniinua kwenye benchi, mimi koko, muzee wa kanisa. Wawili kila upande. Nikainuliwa kama bibi arusi. Na nilipokuwa hewani nikamuona Mapendo kwenye benchi ya nyuma. Naye amezeeka, ana mujukuu mugongoni na kapu la mihogo ya sadaka, anajaribu kusimama, anarudi kukaa. Mikono yote ilikuwa kwangu. Nami nilikuwa ninasema asante, asante, watoto wazuri.

Nilipofika nyumbani nikawaita wote: mwanangu na pikipiki yake, muke wake, wajukuu, hata yule mugeni anayelala kwetu tangu watu walipokimbia vita huko juu. Nikawaambia hivi: "Kuanzia leo, ibada ikiisha, muntu wa nyumba hii asiniguse. Muende kwanza nyuma, mulangoni, mumuinue Mama Mapendo, mubebe na kapu lake. Kisha wamama wenye watoto. Kisha muangalie tena kama iko muntu amebaki. Mimi mutanikuta palepale, siwezi kukimbia."